Nakala Iliyobaki kwa Anguyo

Wino uliisha katika mashine ya Anguyo saa nne asubuhi, siku ya soko, duka likiwa limefurika watu waliotaka kopi za vitambulisho na barua za shule. Mashine ilikuwa imetoa nusu ya kitabu kinene. Anguyo aliipiga kofi ubavuni, akasikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Imekufa. Mutu angoje mpaka kesho."

Mikono miwili iliifikia ile nusu ya kitabu kwa pamoja.

"Hiyo iko yangu," alisema msichana mrefu aliyevaa gauni la zambarau na mtandio mweupe wenye ushanga pindoni.

"Yako namna gani, dada? Mimi natuma hiyo kitabu tangu jana," alisema kijana aliyesimama kando yake. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka likakaza, lakini viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi.

Anguyo aliangua kicheko. "Nyinyi wawili mnaleta kitu moja! Mwongozo ya mtihani ya Java, ile lugha ya kompyuta. Miaka yote niko Arua, hakuna mutu analeta hiyo. Leo wawili!"

Walitazamana. Msichana aliitwa Ruqaiya, Mnubi wa mtaa wa Mvara, mwenye miaka ishirini na saba. Kazi yake ilikuwa kuingiza majina ya wagonjwa kwenye kompyuta ya kliniki moja mjini, na mkubwa wake alikuwa amemwahidi kwamba akipata cheti cha kutengeneza programu, atampa kazi hiyo. Wenzake wote walikwisha kuolewa. Nyumbani kwao, akifungua kompyuta, mama yake humuuliza kama bado anaandika majina ya wagonjwa, naye hujibu ndiyo, maana kueleza kulimchosha.

Kijana aliitwa Tongun. Vita vilimtoa chuoni Juba akiwa mwaka wa tatu, na sasa aliishi katika kambi ya Lobule pamoja na wakimbizi wenzake, akifundisha kompyuta katika darasa dogo mjini Koboko.

"Chukua wewe, na nusu ingine utachukua kesho," alisema Tongun. "Mimi nitasoma kwa simu. Ila nipe namba. Nikikwama, nitauliza."

"Na kama mimi ndiye nakwama?"

"Basi tutakwama wawili. Ni afadhali."

Tongun akakwama siku iliyofuata. Mtandao wa Lobule uliingia nyumbani mara chache tu, hivyo kila alfajiri alipanda mwinuko nyuma ya kanisa na kumpigia. Ruqaiya, akishamaliza kuswali, alikaa kwenye ngazi za nyuma na kitabu mapajani. Waliulizana maswali ya mwisho wa kila sura. Kinubi cha huyu na Kiarabu cha Juba cha yule vilikuwa karibu kama ndugu, na walipochoka Kiswahili walihamia huko bila kujua.

"Mwalimu, hapa programu inazunguka mara ngapi?"

"Mara tano."

"Umekosa! Sita. Inaanza kuhesabu kwa sifuri, habibi."

"Umesema nini?"

"Nimesema sifuri."

"Hapana. Baada ya sifuri."

"Mtandao yako iko mbaya, Mwalimu," alisema Ruqaiya, akakata simu, akabaki akicheka peke yake kama mtu aliyerukwa na akili.

Miezi miwili ikapita hivyo. Walionana mara tatu tu, Tongun alipokuja Arua, wakanywa chai karibu na kituo cha magari huku kila mmoja akiificha mikono yake chini ya meza. Ruqaiya alimwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba anaogopa kuzeekea kwenye kile kiti cha kliniki, kwamba ndani ya nyumba yenye watu tisa hana wa kuzungumza naye.

Wiki nne kabla ya mtihani wake, alfajiri moja simu haikuja. Akapiga yeye. Mara hii ikaita. Sauti ya mwanamke ikapokea.

"Tongun yuko?"

"Iko naoga. Wewe nani?"

"Na wewe?"

"Mimi bibi ya hapa nyumbani."

Bibi, kwa lugha ya huko, ni mke. Ruqaiya alikata. Alikaa pale ngazini mpaka jua likamfikia miguuni. Tongun alipopiga, hakupokea. Alipiga siku hiyo mara kumi na moja, na kesho yake mara nane. Kisha ujumbe ukaanza kuingia, na kila ulipoingia Ruqaiya aliufuta bila kuusoma, ukiwamo mmoja mrefu sana. Baadaye simu ikanyamaza kabisa, na alfajiri zikawa ndefu. Alijisomea kwa sauti, akajiuliza maswali, akajijibu. Akienda sokoni alipita upande wa pili wa barabara asilione duka la Anguyo.

Siku ya mtihani aliingia akiwa amekariri kitabu kizima. Maswali ya kwanza aliyajua. La kumi na mbili hakuwahi kuona kitu kama hicho. La kumi na tatu vivyo hivyo. Kwenye skrini yalitajwa mambo ambayo kitabu chake hakikuyagusa hata kwa neno moja. Alihitaji asilimia sitini na nane. Alipata sitini na moja.

Wiki hiyo hiyo mkubwa wake alimtuma kutoa kopi, na mashine nyingine zote zilikuwa na foleni. Ikambidi aende kwa Anguyo.

"Wewe dada!" Anguyo alifoka. "Kitu yako inakaa hapa wiki tatu!"

Akatoa chini ya meza kitabu kipya, kimebanwa vizuri kwa waya.

"Yule mwalimu ya Koboko alikuja. Anasema mtihani imebadilika, ile kitabu ya kwanza iko ya zamani. Akatoa kopi mbili, moja yake, moja yako. Nikamwambia, si upeleke kwake Mvara? Akasema msichana ya Waislamu, akimfuata nyumbani atamharibia jina. Akasema utapita."

Ruqaiya alifungua kitabu. Penye mambo mapya palipigwa mstari kwa kalamu, ukurasa baada ya ukurasa. Akaomba kiti.

Jumamosi alipanda gari mpaka Koboko, kisha boda mpaka Lobule, katikati ya mashamba ya mihogo. Mwanamke mnene aliyekuwa akipepeta ufuta mlangoni alimtazama gauni, akamtazama uso.

"Wewe iko Ruqaiya. Ile siku simu ilikata."

"Ilikata, dada," alisema Ruqaiya kwa aibu.

"Mimi Celestina. Mume yangu alikuwa kaka ya Tongun. Alikufa njiani tukikuja hapa. Huyu shemeji ndiye ananilisha na watoto." Akapaza sauti ndani: "Tongun! Toka! Mutu yako amekuja!"

Tongun alitoka akiwa ameshika shati mkononi, akasimama.

"Nilifuta zote," alisema Ruqaiya. "Sikusoma hata moja. Nimeanguka mtihani, na kosa ni langu."

"Ulilia?"

"Nililia."

"Sababu ya mtihani?"

"Usiniulize swali ambayo jibu unajua."

Walicheka, na machozi yakawa karibu. Kisha Tongun akamweleza. Yeye alikuwa ameiwahisha tarehe yake, akafanya mtihani siku kumi zilizopita, akafaulu. Kazi ilikuwa imepatikana Juba. Angeondoka Jumatatu.

"Twende wote," alisema. "Nitakuja kwa baba yako na wazee wangu. Nitafanya yote."

Ruqaiya alitazama chini. "Baba hatakukataa kwa ukimbizi. Babu yake alitoka huko huko Sudan, akaja na jeshi. Atakuuliza jambo moja tu."

"Najua."

"Utamjibu nini?"

Tongun alilivaa kwanza lile shati. "Siwezi kusilimu kwa midomo tu, nimdanganye Mungu ili nipate mke. Hata mke huyo akiwa wewe."

"Na mimi siwezi kukuomba. Wala siwezi kuvua hii." Akagusa mtandio wake.

Celestina aliacha kupepeta. Hatimaye Tongun alimsindikiza kwa miguu mpaka barabarani, wakizungumza mambo madogo, na boda ilipokuja alimshika mkono kwa mara ya kwanza, mbele ya watu, akauachia.

Ruqaiya alirudia mtihani miezi mitatu baadaye. Asilimia themanini na nne. Nyumbani walimpongeza, mama akapika pilau, kisha wakaendelea na habari za harusi ya binamu yake Aminah. Alitoka nje akapiga simu Juba.

"Themanini na nne," alisema.

Tongun alipiga kelele ya furaha iliyomfanya aondoe simu sikioni. Aliuliza kila swali, akataka kujua lipi lilimsumbua, naye akamweleza yote. Maswali yakaisha. Hakuna aliyesema kwaheri. Ruqaiya alisikia magari ya Juba yakipita, na pumzi ya Tongun, akaendelea kusikiliza mpaka salio lilipokwisha.