Pikapu Iliyoitwa Wamucii

Watu wa Tetu wakikuonyesha gari, kwanza watakutajia jina lake, kisha ndipo wakuambie ni la nani. Kuna lori la mawe linaloitwa Neema Tupu, na dereva wake hajawahi kuonekana kanisani hata Krismasi. Kuna gari dogo la mwalimu mmoja lililoandikwa Mtanizoea, na kila mtu anajua ni shemeji yupi anayeambiwa hivyo. Mtu akitoa jasho miaka kumi akapata magurudumu manne, hawezi kuyaita gari tu, basi. Anataka jina la kutukana gari likikwama na la kushukuru likifika. Kwa hiyo Mathenge aliponunua pikapu ya kubebea maziwa, akaipeleka mjini Nyeri kwa Kingori, mchora mabango, ikarudi imeandikwa WAMUCII kwa rangi nyekundu katikati ya boneti, hakuna aliyeshangaa.

Wamucii alikuwa mama yake. Kwa miaka arobaini mama huyo alitembea kutoka shambani kwake hadi kituo cha maziwa cha Wamagana, mtungi mgongoni, kamba ya kuubebea ikipita kwenye paji la uso hadi ikamwachia mfereji usiofutika. Visigino vyake vilipasuka kiasi kwamba punje ya mahindi ingekaa humo bila kuanguka. Mathenge alikuwa darasa la sita alipomwahidi: "Maitu, nikinunua gari, hutatembea tena." Maitu ndivyo alivyomwita mama yake mpaka mwisho.

Alichelewa kwa miezi tisa. Asubuhi moja ya Julai, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye majani ya chai, watu walimkuta Wamucii ameketi juu ya jiwe pale kwenye kona ya mikaratusi, mtungi katikati ya miguu, maziwa hayajamwagika hata tone. Walimsalimia. Hakuitika. Alikuwa ameshakufa.

Siku pikapu ilipofika nyumbani na jina lake jipya, akina mama wanaoleta maziwa waliizunguka, wakacheka, wakapiga vigelegele vitatu, vile vinavyopigwa mtoto wa kike akizaliwa. Ulikuwa mzaha tu. Aliyekataa kucheka ni Ngendo, mdogo wa kike wa marehemu, ambaye Mathenge alimwita Tata, yaani mama mdogo. Alimshika Mathenge mkono akamvuta nyuma ya zizi la ng'ombe.

"Hiyo jina si ya gari," alinong'ona. "Ni ya msichana wako wa kwanza. Wewe hujui? Jina ya nyanya ikiitwa, mwenyewe anakuja."

"Tata, mimi niko na vijana wawili, na Phyllis amesema amefunga duka. Msichana atatoka wapi?"

"Basi umemwambia mama yako akuje akae kwa chuma."

"Si afadhali akae kuliko atembee?"

Ngendo akajifunga leso vizuri na kwenda zake bila hata kunywa chai.

Ndani ya mwezi mmoja Mathenge alianza kuona mambo. Pikapu ikifika kwenye kona ya mikaratusi, karibu na lile jiwe, ilipunguza mwendo yenyewe, kama mtu anayevuta pumzi, kisha ikaendelea. Barabara ya udongo mwekundu iliyomeza matrekta haikuikwamisha hata siku moja. Halafu kiti cha abiria. Kila asubuhi akiwasha injini, kiti kilishuka kidogo na springi zake zikalia. Kukawa na harufu ya moshi wa kuni na maziwa mabichi.

Isemwe wazi kwamba Mathenge hakuogopa. Alifurahi. Alimsimulia mama yake habari za shamba kutoka nyumbani hadi Wamagana, na akishusha mitungi alifunga mlango wa upande ule polepole asimbane. Mwanamume wa miaka thelathini na minane, ndevu zimeanza kuota mvi, akawa tena na mama wa kumwambia mambo.

Kisha duka la Phyllis, mkewe, likafunguka lenyewe. Machi mwaka uliofuata alijifungua mtoto wa kike. Jina halikujadiliwa, maana hapakuwa na la kujadili. Wavulana walishachukua majina ya babu zao wawili, Wamae na Mugo, na msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Akina mama wakaja na uji, wakapiga vigelegele vitatu, mtoto akaitwa Wamucii. Ngendo alikuja pia. Alimbeba mtoto, akamtazama machoni, akamrudisha haraka.

Wiki ya tatu Phyllis alimwendea mumewe zizini.

"Baba Wamae, huyu mtoto asubuhi huwa hayuko."

"Hayuko aje?"

"Kutoka saa kumi na mbili hadi saa nne. Nampatia titi, hanyonyi. Nikimfinya, halii. Mikono inakuwa baridi. Halafu ikifika saa nne anaamka na njaa, kama mtu ametoka safari."

Walimpeleka zahanati. Mtoto alikuwa amepungua uzito badala ya kuongezeka. Muuguzi alimuuliza Phyllis kama anamnyonyesha kweli, na Phyllis alilia njia nzima kurudi nyumbani, si kwa uchungu peke yake, bali kwa aibu.

Jumapili kituo cha maziwa hufungwa, na Jumapili mtoto alinyonya toka asubuhi. Mchana, baada ya kanisa, Mathenge alitaka kuisogeza pikapu ili aioshe. Phyllis alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mtoto kifuani. Mathenge aliingia, akawasha injini.

Kupitia kioo cha mbele aliona mdomo wa mtoto ukiachia titi.

Kichwa kikalala. Mkono mdogo ukaning'inia.

Akazima. Mtoto akavuta pumzi kwa nguvu, akalirukia titi tena.

Akawasha. Mdomo ukaachia.

Akazima. Mtoto akanyonya.

Mathenge alitazama kiti kilichokuwa kando yake. Kilikuwa kimeshuka. Alitaka kuwasha mara ya tatu lakini vidole vilimkatalia. Phyllis aliinua macho akamuuliza kama gari limeharibika, naye akajibu kwamba ni betri.

Na hapa ndipo kosa lake lilipo, kubwa kuliko la rangi na jina. Alijua Jumapili ile. Jumatatu aliendesha. Jumanne aliendesha. Alijidanganya kwamba macho yalimchezea, kwamba maziwa ya watu yangeharibika. Ukweli ni kwamba alikuwa amemzika mama yake mara moja na hakuwa na nguvu za kumzika tena.

Alhamisi alirudi akiwa amechelewa. Matope yalikuwa mengi, mwendo ukawa mrefu. Alipokata kona ya kwake alimwona Phyllis anakimbia kumlaki, kitenge kimefunguka, mtoto mikononi kama nguo iliyolowa.

"Hapumui! Baba Wamae, hapumui!"

Mathenge alizima injini pale pale katikati ya njia.

Kimya.

Midomo ya mtoto ilikuwa ya bluu. Kwenye paji lake la uso ulikatiza mstari mwembamba uliodidimia.

Kimya bado.

Kisha kifua kikapanda. Mtoto akakohoa, akalia.

Phyllis alimtazama mumewe, akatazama mkono wake uliokuwa bado kwenye ufunguo. Alielewa bila kuambiwa.

"Ulijua," alinong'ona.

"Tangu Jumapili."

Hakumtukana. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kumwita Ngendo.

Ngendo alifika saa nane mchana, jua likiwa limetoka kidogo. Mathenge alikuwa amenunua msasa na alikuwa tayari ameanza kuikwangua W.

"Wacha kwanza," Ngendo alisema. "Ukifuta jina na yeye bado ako ndani, ataenda wapi? Mtu ni mmoja. Hawezi kukaa kwa nyumba mbili. Wewe ndiye ulimwita. Wewe ndiye utamwambia ashuke."

Mathenge alifungua mlango wa abiria. Kiti kilikuwa kimeshuka, na injini ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.

"Maitu," alisema. "Tafadhali shuka."

Hakuna kilichotokea. Mgongoni mwa Phyllis mtoto alikuwa amenyamaza.

"Mwambie vizuri," Ngendo alinong'ona. "Mwambie anaenda wapi."

Machozi yalimtoka Mathenge hadharani, mbele ya mkewe na wanawe waliokuwa wakichungulia dirishani. "Maitu, msichana ako hapa. Ni wako. Mimi nilikosea, nilikuita haraka. Shuka." Neno lililobaki ndilo aliloapa tangu darasa la sita kwamba hatamwambia. "Shuka utembee."

Springi zililia. Kiti kikapanda, polepole, kama mtu mzima anavyoinuka kwa kushika magoti. Kuku waliokuwa wakidonoa kati ya gari na mlango wa nyumba wakagawanyika, hawa huku, hawa kule, wakaacha njia katikati.

Mtoto akapiga chafya.

Jioni ile alinyonya mpaka akatapika. Mathenge alikwangua jina mpaka bati likaonekana, na wiki iliyofuata pikapu ilikwenda Karatina kuuzwa kama chuma chakavu. Alisimama pale mpaka injini ikakatwa vipande. Sasa anabeba maziwa ya watu kwa mkokoteni wa punda, na mkokoteni ule hauna jina. Punda pia hana. Watoto wake wakitaka kumpa jina anawafokea.

Wamucii mdogo ana miezi kumi. Amenona, anacheka na kila mtu, na ule mstari wa paji la uso haukurudi tena. Pale zahanati humsifu. Ni mzito, mvivu kidogo, anapenda kukaa mahali alipowekwa.

Lakini kila siku saa nne asubuhi, Phyllis akimfunua blanketi, hukuta nyayo zake zimejaa matope mekundu. Sasa ni Januari, mvua haijanyesha tangu mwanzo wa Desemba, barabara yote ya Wamagana ni vumbi. Matope yale ni mabichi. Na visigino vimeanza kupasuka.

Phyllis alitaka kuwaita watu wa maombi. Mathenge alimsihi asubiri. Huleta beseni la maji ya vuguvugu, akapiga magoti, akaziosha nyayo zile mwenyewe, moja baada ya nyingine, akazipaka mafuta, akiomba msamaha kwa sauti ya chini asiyotaka mtu aisikie.

Mtoto bado hajaanza kutembea.