Kopo la Kabula

Mama Lusia alisimulia hivi, na kila aliyekwenda kisimani asubuhi ile alimsikia: kwamba mtoto wa wale Wasukuma alipiga hodi na kibuyu cha maziwa kwapani, kwamba alipoyamimina kikombeni, juu vikaelea vitu vyeusi kama sisimizi, na kwamba alipoulizwa ni nini, mtoto akacheka. Jua halijazama, Deo, kitindamimba wa nyumba ile, akaanza kuharisha mpaka macho yakaingia ndani.

"Sasa nyie niambieni," alimalizia, huku akijitwisha ndoo yake. "Hiyo ni nini kama si dawa?"

Kabula hakuwa amecheka. Alitabasamu tu, maana Kiswahili cha kuelezea jambo lile hakikumjia upesi, na kwao mtoto habishani na mtu mzima. Vile vitu vyeusi vilikuwa chembe za mkaa. Kila siku kabla ya kukamua, mama yake, Nyanzala, alitia kijinga cha moto ndani ya kibuyu, akakitikisa, akakifunika moshi ukiwa humo humo, kisha akakung'uta. Alifundishwa hivyo na mama yake, ili maziwa yakae na yanukie vizuri. Hata ukung'ute vipi, chembe mbili tatu hubaki. Nyumbani kwa Kabula hakuna aliyezishangaa.

Lakini pale kijijini Mamba watu walikuwa wa mpunga na mahindi, na familia ya Kabula ilikuwa haijamaliza hata mwaka tangu ifike na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Mgeni hana mtu wa kumsemea. Maneno ya kisimani yakafika madukani, yakafika mashineni, yakafika mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Watu wakaanza kusema ni heri wale wafugaji watafute mahali pengine.

Maduhu, baba yake Kabula, alikuwa mtu wa maneno machache. Aliyapokea yote bila kujibu, kisha jioni akamwambia mkewe kwamba mtu mwenye akili huhama kabla hajahamishwa. Akamtuma kijana wake mkubwa kwenda kutazama malisho ya upande wa kusini. Akaanza kusokota kamba za kufungia mizigo.

Kabula alizitazama zile kamba, roho ikamuuma. Hii ilikuwa shule yake ya tatu. Kila walipohama alirudishwa nyuma, akaanza upya na watoto wadogo. Hapa Mamba ndipo alipofika darasa la tano, na ndipo alipojifunza kusoma bila kufuatisha kidole. Akiondoka sasa, nani angemrudisha tena shuleni, msichana mkubwa namna ile?

Shuleni, Mwalimu Celestin alikuwa akiwasomea hadithi kila Ijumaa. Ilikuwa habari ya mtoto mmoja jina lake Sengo, aliyekimbia ukame akaingia katika kijiji cha wafinyanzi. Wafinyanzi walikuwa na vyungu na sahani za kila namna, lakini Sengo walimpakulia chakula kwenye kigae, kipande cha chungu kilichovunjika. Hawakumpiga wala kumfukuza. Walimpa kigae tu, na akikaribia moto wao walijisogeza pembeni. Kabula alisikiliza bila kupepesa macho. Ijumaa ya mwisho mwalimu alisoma mpaka mwisho: jinsi wafinyanzi walivyojuta, wakafinyanga sahani nzuri kuliko zote, wakampelekea Sengo kwenye kibanda chake. Wakakuta jivu limepoa. Sengo alikuwa ameshaondoka.

Mwalimu akafunga kitabu, akauliza kila mmoja angependa kuwa nani katika hadithi ile. Wavulana wakataka kuwa mkuu wa wafinyanzi. Wasichana wengine wakataka kuwa yule aliyeipamba sahani. Zamu ya Kabula ilipofika, akasimama.

"Mimi ni Sengo," alisema.

Watu wakacheka. Mmoja nyuma akauliza kama Sengo naye alikuwa ananuka ng'ombe. Mwalimu akainua mkono, wakanyamaza, akamuuliza Kabula kwa upole kwa nini amesema "ni" wakati wenzake wanasema "ningependa kuwa".

"Kwa akina Lusia nikiomba maji, nina kopo langu," Kabula akajibu. "Linatundikwa nje, kwenye ua. Wenzangu wote wanapewa kikombe."

Lusia, aliyekaa dawati la mbele, aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa daftari.

Toka siku hiyo wenzake wakampa jina. Akipita, mtu hupaza sauti, "Kigae anapita, mpisheni!" Kabula alikuwa hageuki. Lusia peke yake hakulitamka jina lile, ila hakuwakataza waliolitamka.

Mwaka ule ulikuwa wa mvua za Elinino. Maji ya majaruba ya mpunga yalipanda yakavuka njia, yakamwagikia kisimani. Watu waliyachota vilevile, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Kuni zilikuwa mbichi na aliyechemsha hakuwapo. Deo akapata nafuu, lakini kabla nyumba haijatulia, Lusia naye akashikwa na tumbo. Akafuata mtoto wa jirani wa pili, kisha mzee mmoja upande wa pili wa kisima. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameonja maziwa ya Wasukuma tangu maneno yaanze.

Mama Lusia akambeba binti yake mgongoni, mkubwa vile, mpaka zahanati. Muuguzi aliuliza maswali machache, la mwisho likiwa maji ya kunywa wanayatoa wapi. Alipojibiwa, na kusikia pia habari ya vile vitu vyeusi kwenye maziwa, akatikisa kichwa. Akasema hata maziwa yenyewe ni vizuri yachemshwe, lakini vile vyeusi ni mkaa tu wa kufukizia kibuyu, na mkaa haujawahi kumharisha mtu. Kinachowaharisha ni kile kisima. Mama Lusia akataka kujitetea. Lusia, akiwa amelala kwenye mkeka, akamtangulia.

"Mama, Kabula hakutudhuru," alisema kwa sauti ndogo. "Na lile kopo anajua kwa nini tunampa."

Siku Lusia alipoweza kutembea, mama na binti walikwenda kwa Maduhu. Mama Lusia alikuwa ameshika kile kikombe cha bati chenye maua, anachowapa wageni wa heshima. Akaomba maziwa. Nyanzala akachukua kijinga jikoni, akakitia kibuyuni mbele ya macho ya mgeni, akatikisa, akafunika, akakung'uta. Kisha akamimina humo maziwa aliyoyachemsha, na kutoka humo akajaza kikombe. Chembe nyeusi zikaelea juu.

Mama Lusia akanywa mpaka nusu. Chembe moja ikabaki imenata mdomoni. Akampa Kabula kikombe kilekile, naye akanywa. Kikaenda kwa Lusia, akamaliza.

"Ugonjwa ulikuwa ndani ya mtungi wangu," mama Lusia akawaambia wale watoto wawili, machozi yakimlengalenga, "mimi nikaenda kuutafuta kwenye kibuyu cha jirani. Msije mkafanya hivyo, wanangu. Kwanza chungulia mtungi wako. Na usimseme mtu kabla hujamuuliza ukamsikiliza, maana neno likishafika kisimani halichoteki tena."

Akasema kisimani na madukani amekwishapita, na kwa mwenyekiti pia, akayakana maneno yake mwenyewe. Kisha akageukia alipoketi Maduhu. Mizigo ilikuwa imefungwa na kuegemezwa ukutani. Kengele za ng'ombe zilikuwa zimejazwa majani ili zisilie njiani. Kabula akakumbuka kibanda cha Sengo na jivu lililopoa. Wafinyanzi walichelewa. Hawa wamekuta moto bado unawaka.

"Baba Kabula," mama Lusia akasema, akapiga magoti. "Nimekosa. Msihame. Mwacheni mtoto asome."

Maduhu alikuwa akisokota kamba ya mwisho. Mikono yake ikasimama. Akaitazama ile kamba, akawatazama ng'ombe zizini, akamtazama binti yake aliyekuwa ameshikana mkono na Lusia.

Kabula akasubiri. Baba yake akaitua kamba chini, akainuka, akaanza kutoa majani kwenye kengele za ng'ombe, moja baada ya nyingine.