Picha Iliyokataliwa na Mchoraji Wake

Mwizi hakuvunja mlango. Hakuruka ukuta, hakuacha alama ya kiatu, na kitu alichoiba bado kilikuwa kinaning'inia ukutani.

Hivyo ndivyo Mzee Antipasi alivyoeleza kwenye kaunta ya polisi mjini Singida, asubuhi ya Jumatano. Askari wa zamu akaweka kalamu chini.

"Mzee, nisaidie kuelewa. Picha imeibiwa?"

"Imeibiwa."

"Na picha ipo?"

"Ipo nyingine. Si yangu."

"Hiyo nyingine imesainiwa jina la nani?"

"Langu."

Askari akakuna kichwa, akaenda kumwita Inspekta Felista.

Inspekta Felista wa kitengo cha upelelezi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mwenye subira ya mtu anayechambua mchele. Alimvutia mzee kiti kwanza, maneno baadaye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkubwa wa hapa?"

"Mimi ndiye mwenye nafasi ya kukusikiliza."

Mzee akatoa habari yote. Alikuwa na miaka sabini na nne. Ujana wake wote aliumalizia stesheni ya reli ya Itigi, akikata tiketi. Alipostaafu akahamia Mwankoko na mkewe, akaanza kuchora majengo ya zamani kwa wino na rangi za maji: maboma ya Wajerumani, makanisa ya misheni yenye minara, stesheni za reli. Watu walimjua kwa kazi hiyo. Picha yake ya mwisho, stesheni ya Itigi, ilikuwa itundikwe kwenye maktaba moja ya Ikungi Jumatatu ijayo.

"Nilikwenda Rungwa kumsalimia mdogo wangu, anafuga nyuki kule. Nimekaa wiki mbili. Niliiacha picha mezani. Nimerudi, nakuta imeshatiwa fremu, iko ukutani. Naitazama, hainijui. Dirisha la tiketi liko wazi. Mimi nililichora limefungwa, maana limefungwa siku hizi."

"Nyumbani wanasemaje?"

Mzee akatazama viganja vyake.

"Mwanangu Ignas anasema akili yangu inapotea, ndiyo maana naikataa kazi yangu mwenyewe. Jumamosi ananipeleka Dodoma nikakae kwake. Nyumba itafungwa. Rangi zangu zitabaki humo. Sasa, mwanangu, mimi sitaki mambo mengi. Kama ile picha ni yangu, basi mimi ni mgonjwa, nitapanda gari bila ubishi. Kama si yangu, mimi ni mzima. Nitazamie hilo tu."

Felista alikuwa ametafuta ng'ombe, pikipiki, hata jenereta lililofukiwa shambani. Akili ya mtu hakuwahi kutumwa kuitafuta. Akafungua jalada, akaandika: wizi wa picha.

Nyumba ya Mzee Antipasi ilikuwa ya bati, imefagiliwa mpaka unaogopa kukanyaga. Bibi Damari, mkewe, aliwapokea mlangoni. Alikuwa mwembamba, macho yake yakicheka kabla ya mdomo.

"Karibu, mwanangu. Amekufikisha mpaka huku? Kaa, chai iko motoni."

Sebuleni kila kochi lilikuwa limevikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua. Ukutani zilitundikwa picha saba, na katikati yao stesheni ya Itigi, imara, paa lake la vigae likiwaka jua.

Ignas, mtoto wao mkubwa, alikuwa amekaa na simu mkononi. Alisimama kwa heshima, lakini alisema mambo yake haraka haraka, kama mtu aliyechoka kuyarudia.

"Inspekta, samahani kwa usumbufu. Mzee ameanza kusahau. Mwezi uliopita tumekuta miwani yake ndani ya friji."

"Friji hilo lilikufa mwaka juzi," mzee akajibu. "Ndiyo kabati letu. Na vijiko vimo."

Felista akang'ata mdomo asicheke.

"Ignas, wewe ulifika lini?"

"Jumapili. Mama alinipigia akasema baba amegombana na picha."

"Unajua kuchora?"

"Mimi? Hata ramani ya kuja hapa siwezi."

"Picha hii ilitoka humu ndani?"

"Ilikwenda kwa fundi fremu, Gervas. Alikaa nayo siku mbili."

Siku mbili si haba. Felista akaaga, akaenda kwa Gervas, ambaye karakana yake haikuwa mbali. Alimkuta amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Picha ya Mzee Antipasi ulipewa na nani?"

"Bibi Damari. Siku ya Alhamisi, wiki iliyopita."

"Ilikuwaje?"

"Nzuri. Imenyooka kama imepigwa pasi."

"Dirisha la tiketi?"

"Lilikuwa wazi. Nakumbuka, maana nilitania kwamba nipewe tiketi ya kwenda Kigoma."

"Hukuibadilisha?"

Gervas akaweka msumeno chini, akacheka kwa uchungu kidogo. "Inspekta, mimi nakata mbao pembe nne, na bado nyingine zinatoka tatu. Nikaweze kumchorea mtu stesheni?"

Basi, Felista akawaza njiani, ilibadilika kabla haijafika kwa fundi. Kabla ya fundi ilikuwa nyumbani, na nyumbani alikuwepo mtu mmoja.

Lakini wazo si ushahidi. Huenda mzee kweli alichora dirisha wazi akasahau. Alirudi Mwankoko mchana ule ule akiwa na lenzi ya kukuzia.

Akaanza na zile picha nyingine. Boma la zamani: kwenye rangi ya mbingu kulikuwa na vinyota vyeupe, vidogo mno, kama chembe za sukari zilizoyeyuka nusu. Kanisa la misheni: vinyota. Daraja la reli: vinyota. Alipofika kwenye stesheni ya Itigi akasogeza lenzi huku na huku. Mbingu ilikuwa safi, laini, haina nyota hata moja.

"Mzee, rangi zako unachanganya na maji gani?"

"Ya kisima chetu. Yana chumvi hayo, ukinawia sabuni haitoi povu."

"Kwa nini si maji baridi, haya ya kunywa?"

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Muulize mwenye nyumba. Tangu tuhamie hapa sijapewa hata kikombe."

"Maji baridi tunayafuata mbali kwa baiskeli," Bibi Damari akasema kutoka mlangoni, sinia la chai mkononi. "Ni ya chai na ya dawa. Picha hainywi chai."

"Yanakaa wapi, bibi?"

"Kwenye ndoo yenye mfuniko. Chumbani kwangu."

"Nani anayachota?"

"Mimi."

"Mwingine?"

"Hakuna mwingine."

Alijibu, halafu akasikia alichojibu. Ignas akainua macho kutoka kwenye simu.

Felista akarudisha lenzi kwenye picha, safari hii kwenye mistari ya wino. Mistari ya mzee kwenye zile nyingine ilikuwa mirefu, inatetemeka kidogo, inaenda mpaka inapochoka. Hii ilikuwa mifupi mifupi, kila mmoja unaanza pale mwenzake alipoishia. Akatazama kochi. Akatazama kile kitambaa kilichodariziwa. Mshono, nafasi, mshono, nafasi.

"Bibi, maua haya unayahamishaje kwenye kitambaa?"

"Naweka karatasi ya maua kwenye kioo cha dirisha, kitambaa juu yake. Jua linanionyesha, nafuatisha."

"Na karatasi juu ya karatasi, jua linaonyesha?"

Bibi Damari akaweka sinia mezani. Akaketi, akajifunga khanga vizuri, kama mtu anayejiandaa na safari.

"Mwanangu, kitendawili."

"Tega."

"Nilimchoma hakulia. Nikamzika hakuoza. Mwenzake akakalia kiti chake, na wote wakamwamkia, isipokuwa mmoja."

"Mama, huyu ni polisi," Ignas akasema. "Yuko kazini."

"Nyamaza, Ignas. Ametega, sijashindwa bado." Felista akavuta kigoda, akakaa karibu na yule mama. "Sikupi mji, bibi. Jibu lake ni picha. Uliichoma kwa kitu gani?"

"Pasi."

Mzee Antipasi alikuwa amesimama. Akakaa.

"Eleza taratibu," Felista akasema.

"Karatasi yake ilijikunja kwa maji ya rangi. Yeye huwa anazipiga pasi kwa nyuma, anaweka kitambaa, anapitisha. Nimemwona miaka yote. Nikasema ameondoka, nimsaidie, akirudi akute imenyooka. Nikatia mkaa kwenye pasi. Nikaiweka. Kuku wakaingia jikoni kwenye unga, nikaenda kuwafukuza. Kuku wawili tu. Niliporudi, moshi."

"Ikaungua wapi?"

Bibi Damari aliinuka akaingia chumbani. Mfuniko wa sanduku ukalia. Akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kitenge, akakifungua mezani kama anayefungua mtoto nepi. Ilikuwa stesheni ile ile, yenye vinyota vya chumvi mbinguni. Na katikati ya ukuta, pale dirisha la tiketi linapokaa, palikuwa na doa la kahawia lenye ncha ya pasi.

Felista akaitoa ile ya ukutani kwenye fremu, akailaza juu ya hii, akaziinua zote mbili kwenye mwanga wa dirisha. Mistari ikalala juu ya mistari. Isipokuwa pale palipoungua.

"Kwa hiyo dirisha hukuliona."

"Sikuliona. Nililichora kwa kukumbuka."

"Na umelikumbuka likiwa wazi."

"Mimi sijawahi kuliona limefungwa, mwanangu. Siku niliyolijua lilikuwa wazi, na huyu alikuwa nyuma yake."

Hakuna aliyegusa chai.

"Niliharibu karatasi nne," Bibi Damari akaendelea. "Ya tano ikakubali. Nikatumia maji baridi. Nilifikiri kwa vile nimemharibia, angalau nimpe maji mazuri."

"Mama," Ignas akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Siku zote hizi nasema baba anaumwa. Wewe ulikuwa umekaa hapo hapo."

"Nilikuwa nimekaa."

"Nimeshaomba miadi na daktari kule."

"Najua. Siku ya kwanza niliona aibu. Nikasema kesho nitasema. Kesho yake ilikuwa ngumu kuliko jana, maana sasa nilikuwa na makosa mawili." Akamgeukia mumewe. Macho yake hayakucheka. "Ningekwambia nimeiunguza, ungesema haidhuru. Nakujua. Ungesema haidhuru, halafu ungekaa nje peke yako mpaka jioni. Ile uliichora miezi mitatu. Uliichora kwa ajili yetu, ingawa hukusema. Nilitaka uikute. Nikakufanya uonekane huna akili. Hilo ndilo kosa langu, siyo pasi."

Mzee Antipasi aliichukua ile picha mpya, akaileta karibu na macho, akaipeleka mbali, akaileta tena.

"Paa hili," akasema. "Kivuli hiki cha paa umekipataje?"

"Nilitia bluu kwanza, ikakauka, ndipo nikatia kahawia."

"Mimi huwa nazichanganya."

"Ndiyo maana vyako vinatoka tope. Nimekuwa nikitaka kukwambia tangu lile boma."

Mzee akatazama boma ukutani. Akatazama kivuli. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Ignas akainuka kwa hofu, lakini baba yake alikuwa anacheka.

Ignas akatoka nje na simu. Walimsikia akisema, hapana, daktari, tunaahirisha, hapana, mzee ni mzima. Mzima kabisa. Aliporudi alipiga goti mbele ya baba yake, akamshika mikono yote miwili, na mzee akampigapiga begani.

Felista akafungua jalada lake. Kazi ni kazi.

"Mlalamikaji ni wewe, mzee. Picha imepatikana, mtuhumiwa amekiri, sahihi yako imeghushiwa. Unataka shauri liendelee, au tulifunge?"

"Liendelee."

Wote wakamtazama. Bibi Damari akainamisha kichwa.

"Nataka aandike maelezo," mzee akasema.

"Maelezo ya kuunguza picha ameshatoa."

"Siyo hayo. Ya siku ile dirishani." Akakaza sauti, kama mtu anayedai haki. "Dirisha la tiketi Itigi lilikuwa chini, mwanangu. Mimi niliyekuwa ndani niliona mkono tu, na nauli. Hata alivyovaa sijui. Alivyosimama sijui. Nimechora stesheni ile mara tisa kwa nje, lakini siku ile kwa nje sijawahi kuiona. Shahidi ni yeye peke yake, na miaka arobaini na sita hajaniambia."

"Hukuniuliza," Bibi Damari akasema.

"Nauliza sasa. Mbele ya polisi."

Inspekta Felista akageuza ukurasa, akaandika tarehe, akaandika jina, akaandika Mwankoko. Akangoja, kalamu juu ya karatasi.

Bibi Damari alivuta khanga mpaka kidevuni kuficha mdomo, lakini macho yalishamsaliti.

"Andika, mwanangu," akasema. "Treni ilikuwa imechelewa. Mimi nilikuwa nimevaa gauni la dada yangu, la njano, na sikuwa na safari yoyote."