Nta Kwenye Jicho la Nyuma

Kila siku ya shule, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya mtaa wa Ng'ambo, Manal alikuwa na kazi ambayo hakumwachia mtu. Alisimama kando ya lango, sare imenyooshwa, mkoba mgongoni, mahali ambapo baba yake angemwona kwenye kioo cha gari, akapaza sauti: "Njoo, Baba! Njoo, njoo... kata kulia kidogo... njoo... basi!"

Msidhani ilikuwa kazi ya kujionyesha. Nyumba yao ilikuwa ya zamani sana, yenye kuta nene za udongo, na lango lake lilijengwa enzi za misafara. Aliyelijenga aliwaza punda na wapagazi wenye mizigo kichwani. Noah ya baba yake Manal, Mzee Ghalibu, hakuiwaza hata kidogo. Gari liliingia uani kwa kichwa na kutoka kwa mgongo, na kila upande ilibaki nafasi ya viganja viwili tu. Manal alikuwa darasa la sita, na katika miaka miwili ya kuita "njoo, njoo" gari halikuwahi kugusa ukuta.

Balaa lilitokea siku aliyowahi shule kwa mtihani. Mzee Ghalibu alirudisha gari peke yake, akang'oa bomba la maji. Maji yakaruka mpaka kwenye kanga za Bibi zilizoanikwa.

"Nitafunga macho ya nyuma," Mzee Ghalibu alisema jioni ile, suruali bado imelowa. "Vile vifaa vinavyolia pi-pi-pi ukikaribia kitu. Mafundi wanaviita sensa."

"Bei yake?" Bibi akauliza.

"Kama ndoo mbili za asali," akajibu Mzee Ghalibu, ambaye biashara yake ilikuwa asali.

"Ala! Ndoo mbili za asali kwa kengele?" Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Shingo umepewa na Mwenyezi Mungu bure, mwanangu. Igeuze!"

Manal hakucheka. Alikuwa anajiuliza swali moja tu: hicho kifaa kinaonaje, na hakina macho?

Ijumaa akaja Fundi Koleta, fundi wa umeme wa magari kutoka njia ya Kipalapala. Alivaa ovaroli ya bluu na kilemba cha kitenge, na mikono yake ilikuwa na harufu ya waya ulioungua. Alitoboa bampa matundu manne, akachomeka macho manne madogo yenye ukubwa wa shilingi, kisha akapitisha waya hadi mbele kwenye dashibodi. Manal alichuchumaa pembeni yake tangu mwanzo.

"Shikamoo, Fundi. Yanaonaje?"

"Marahaba. Hayaoni, yanasikia. Umewahi kuita ndani ya kisima?"

"Ndiyo. Sauti inarudi."

"Basi ndiyo hivyo. Kila jicho linatoa sauti nyembamba mno, masikio yetu hayaipati. Sauti ikigonga kitu inarudi. Ikirudi upesi, kitu kiko karibu, na kengele inalia."

Manal akafikiri. "Na isiporudi?"

"Kengele inanyamaza."

"Kwa hiyo ikinyamaza, labda hakuna kitu, au labda kitu kipo ila sauti haikurudi?"

Fundi Koleta akaweka bisibisi chini, akamtazama vizuri. "We mtoto! Nimefunga hivi vitu miaka mitano, mteja hajaniuliza hilo. Wao wanauliza bei tu. Haya, kesho pima mwenyewe. Baba akae kwenye usukani, breki ya mkono juu, injini imezimwa, suichi tu ndiyo iwake. Uandike unachokiona, uje unisomee."

Jumamosi asubuhi Mzee Ghalibu alikaa kwenye gari na kikombe chake cha kahawa, gia imewekwa ya nyuma, akimtii binti yake kama mwanafunzi. Manal alisogeza vitu nyuma ya gari kimoja kimoja, daftari mkononi. Ndoo ya bati ililiza kengele vizuri. Mlango wa zamani uliokuwa umeegemezwa ukutani, vizuri zaidi. Kwa nondo nyembamba iliyosimamishwa, kengele ililia mara moja, ikanyamaza, ikalia tena. Godoro lilichelewa. Mkeka wa Bibi wenye michembe, vile vipande vya viazi vitamu vinavyoanikwa, kimya kabisa, hata ulipofika chini ya bampa.

Kisha akaweka kigoda cha kukunia nazi, karibu kabisa na bampa.

Kimya.

"Baba, umesikia?"

"Sijasikia kitu."

Bibi, aliyekuwa akipepeta mchele barazani, akaacha ungo. Alimtazama Tufaha, mdogo wake Manal wa miaka miwili, aliyekuwa akichora mchangani na kijiti. "Manal," alisema polepole, "kigoda hicho ni kimo cha huyu akichuchumaa." Hakuna aliyecheka. Manal aliandika, akapigia mstari.

Hapo angeishia, ingekuwa heri. Lakini udadisi ni kama upele, ukianza kuukuna hutaki kuacha. Alijiuliza: na jicho lenyewe likizibwa? Nyumba ya mfanyabiashara wa asali haikosi nta. Manal akachukua donge, akaliponda kwa vidole, akalibandika juu ya jicho la pembeni kushoto. Akasogeza ile ndoo ya bati upande huo. Kimya! Ndoo ileile iliyopigiwa kelele dakika chache zilizopita! Aliruka kwa furaha.

Kabla hajaandika, simu ya baba yake ikaita, naye akazima suichi akaingia ndani. Hapohapo Bibi akaita, "Manal! Saa ya chuo imepita, utachapwa na ustadhi!" Manal akatupa daftari, akajifunga ushungi, akakimbia. Nta ikabaki palepale. Jumapili upepo ukaipaka vumbi, ikafanana rangi na bampa.

Jumatatu alipokwenda kusimama kwenye nafasi yake langoni, baba yake alimpungia mkono. "Leo usinisubiri, mama. Nina macho manne ya nyuma. Wahi shule."

Roho ilimuuma Manal. Miaka miwili ya "njoo, njoo" ilikuwa imekwisha kwa neno moja. Akaenda zake akipiga mawe teke, na nta haikumjia kichwani hata kidogo.

Aliporudi saa nane, nyuki walikuwa wamefika kabla yake. Walijaa uani, wakizunguka dimbwi la asali lililoanzia langoni hadi kwenye mtaro. Kuku wawili walitembea wameinua miguu juu, wamenata. Mama alikuwa amejifungia ndani na Tufaha. Mzee Ngassa, mrina asali aliyefika kutoka porini asubuhi, mara tu Manal alipoondoka, alikaa barazani ameshika kichwa.

"Mayo wane! Mama yangu!" alikuwa akisema. "Ndoo nne! Nilizipanga pale kushoto, mbili juu ya mbili, nikaingia kunawa uso. Siku ngapi nimelala porini kwa ajili ya hizo ndoo!"

"Nitakulipa, Mzee Ngassa, usiwe na wasiwasi," Mzee Ghalibu alisema, kisha akarudi kwenye simu yake, alikokuwa akimwonya rafiki yake dereva. "Idrisa, sikiliza, ndugu yangu. Usithubutu! Huyu Koleta amenifungia makopo. Hayakulia kabisa! Nilitega sikio, kimya, nikarudi, nikasikia chubwi! Waambie na wenzako pale stendi. Fundi gani huyu?"

Neno moja lilimnasa Manal. Kushoto. Alizunguka nyuma ya gari taratibu. Chini ya vumbi na asali aliliona donge lake, limekaa juu ya jicho kama alivyoliacha.

Aliangalia huku na huku. Hakuna aliyemtazama. Kwa ukucha mmoja akalibandua, akalitia mfukoni mwa sketi. Moyo ukamwambia: basi, limekwisha, nani atajua?

Fundi Koleta alifika alasiri kwa bodaboda. Hakugombana. Alifuta bampa, akamwomba Mzee Ghalibu awashe suichi, akapitisha mkono mbele ya kila jicho. Yote manne yalilia, na la kushoto lililia kuliko mengine.

"Asubuhi halikulia!" Mzee Ghalibu akasema. "Mimi si kichaa."

"Sisemi wewe ni kichaa, Mzee Ghalibu." Fundi Koleta alipiga magoti, akavuta waya, akatazama, akarudia kupima. Jasho lilimtoka chini ya kilemba. Mwishowe alikaa chini kwenye mchanga. "Wateja watatu wamenipigia simu kuahirisha kazi tangu saa nane. Hilo naliacha. Kinachonitesa ni kwamba sijui kosa langu liko wapi. Na kitu nisichokielewa siwezi kukiacha kwenye gari, tena kwenye uwanja wenye mtoto. Nakivua, nakurudishia fedha yako. Na kazi hii ya sensa naiacha leo."

Akatoa bisibisi.

Mfukoni mwa Manal nta ilikuwa imelainika kwa joto la mwili, imeshikamana na kitambaa na paja. Kila alipopumua aliisikia. Alimtazama fundi akilegeza jicho la kwanza, mikono ileile iliyomfundisha kuhusu kisima, na machozi yakamlenga.

"Fundi, usivue!"

Wote wakageuka.

"Ni mimi." Akaupindua mfuko nje, donge la nta likaning'inia. "Nililiziba jicho Jumamosi, nikitaka kujua. Nikasahau. Leo nimeliona, nikalibandua nikaficha. Fundi hana kosa. Baba, nisamehe. Mzee Ngassa, nisamehe."

Mzee Ghalibu alifumba macho, akafumbua. Manal alisubiri kofi au kelele. Aliyesema kwanza alikuwa Fundi Koleta, na swali lake halikuwa lile alilolitegemea mtu.

"Unene gani?"

"Nini?"

"Nta ilikuwa na unene gani? Irudishe kama ilivyokuwa. Nataka kuona."

Manal akaiponda tena, akairudisha palepale. Wakasogeza ndoo. Kimya. Fundi Koleta akakwangua nusu. Jicho likakoroma kidogo. Akafuta yote, likalia. Uso wake ukafunguka, akacheka kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo.

"Nta, au tope la masika njia ya Tura, ni mamoja! Mimi sikuwaambia wateja wangu wafute macho haya kila asubuhi. Hilo ni kosa langu kweli, na sasa nimelijua."

Mzee Ghalibu akakohoa. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kukwepa haki. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," alisema, "na mimi leo nimejikwaa ulimi mbele ya mji mzima." Akachukua simu, akampigia Idrisa hapohapo, sauti juu ili fundi asikie: "Idrisa, nilikosea. Koleta kazi yake safi. Kosa lilikuwa la nyumbani kwangu, na shingo sikuigeuza. Ndiyo, waambie na wale wa stendi, kama ulivyowaambia mwanzo."

Kisha akamgeukia Manal. "Jumamosi zote za mwezi huu utamsaidia Mzee Ngassa kuchuja asali hapa uani. Kwa kuficha. Kwa kuuliza sikuadhibu."

"Ndiyo, Baba."

"Atachoka huyo," Mzee Ngassa akasema, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Asali nzito haichujwi kwa haraka."

"Sasa nambie, Fundi," Bibi akasema kutoka barazani. "Hivyo vitu vina thamani ya ndoo mbili, au havina?"

Fundi Koleta akajipangusa mikono. "Vina thamani, Bibi, kwa mwenye gari anayegeuza shingo na kuzunguka gari kabla hajapanda. Kwa asiyefanya hivyo ni hatari, maana vitamfundisha uvivu." Akamwinamia Manal. "Na wewe, usiache kuuliza, kuuliza si ujinga. Lakini sikiliza. Kifaa kikinyamaza, usidhani kimesema hakuna kitu, huenda kimezibwa. Mtu naye ni hivyohivyo. Leo ungenyamaza, kila mtu hapa angeamini uongo, na wewe hujasema hata neno moja. Umejizibua mwenyewe, na hapo nimekupenda."

Asubuhi iliyofuata Manal alikuwa uani mapema na kitambaa chenye maji. Alifuta macho manne, akalizunguka gari, akachungulia chini, akahakikisha Tufaha yuko mgongoni mwa Bibi. Ndipo akaenda kusimama mahali pake langoni.

Mzee Ghalibu akawasha gari, akageuza shingo. Kengele haikulia. Manal naye, kwa makusudi, hakusema kitu. Baba yake akatoa kichwa dirishani.

"Wewe! Kimya chako hicho ni cha usalama au cha nta?"

Manal akacheka, akainua mkono. "Cha usalama, Baba! Njoo, njoo, njoo..."