Maji ya Khadijo Hayapungui

Mtungi ulikuwa mwepesi. Hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu mwenye akili, lakini Khadijo alishtushwa na mambo ya wengine tu, yake hayakumshtua.

Familia ilitoka Isiolo alfajiri kwa lori la mwanawe Abdillahi, kwenda kuogelea kwenye maporomoko ndani ya mbuga ya wanyama. Abdillahi na mkewe Nasteha waliingia majini na binti yao Kowsar, wa miaka sita, wakirushiana maji na kupiga mayowe. Khadijo alikaa kwenye mwamba akitazama maji yakianguka bure kutwa nzima, hakuna anayeyakinga, na roho ikamuuma. Kwao mtaani mfereji hutoa maji Alhamisi, tena ukijisikia. Basi akachomoa mtungi wa lita ishirini alioficha ndani ya shuka.

"Mama, hapana," alisema Mworia, askari wa mbuga. "Oga, kunywa mpaka ushibe. Ya kubeba hapana. Hata sisi wa hapa hatubebi."

"Kwani yana mwenyewe?"

"Yanaye."

"Basi mwambie Khadijo anamsalimia."

Akaujaza mpaka shingoni, akauinua kwa vidole viwili. Bismillahi hakusema, ulimi ulikuwa na kazi ya kumsengenya askari.

Nyumbani aliumimina kwenye pipa la uani. Mtungi mmoja ukajaza pipa zima. Akateka ya kupikia, ya kufulia, ya mbuzi. Pipa likabaki limejaa mpaka ukingoni. Mchana, jua likichoma mabati na vumbi likiingia mpaka kwenye meno, uani kulinuka mwamba uliolowa na majani mabichi. Ukitega sikio kwenye pipa, ndani kabisa, maji yalikuwa yakianguka.

Wiki hiyo hiyo Kowsar alianza kukauka. Midomo ilipasuka. Alilia bila machozi. Alikunywa kikombe juu ya kikombe na bado akamwita bibi yake, "Ayeeyo, kiu." Muuguzi wa zahanati alimpa chumvi na sukari ya kukoroga, akasema arudishwe akizidi.

Khadijo ndiye aliyegundua. Alichovya kikombe kwenye pipa, na mtoto akakohoa chumbani. Akarudisha maji, mtoto akanyamaza. Akateka tena, akakohoa tena. Akasimama pale na kikombe mkononi, saa saba mchana, kuku wamejibanza kivulini, akisikia maporomoko yakinguruma ndani ya pipa lisilozidi kimo cha kiuno chake, na chini ya mngurumo huo akasikia mtu akimeza, anameza polepole, bila haraka yoyote, kama mgeni aliyehakikishiwa kwamba chakula bado kipo.

Mlango wa ua ukagongwa.

Alikuwa Mulki, jirani mwenye tangi kubwa, ambaye kwa miaka minane Khadijo alisimama getini kwake na ndoo akingojea huruma. Sasa tangi lilikuwa kavu.

"Salaam aleikum, Khadijo. Nisaidie ndoo moja, wallahi leo hatujanawa hata uso."

"Aleikum salaam. Moja itakufaa nini, Mulki? Leta mbili."

Nasteha alikuwa chumbani amempakata mtoto. Ndoo ya kwanza ilipozama aliona mashavu ya Kowsar yakiingia ndani. Ya pili ilipozama, ngozi ya mikono ililegea kama nguo ya kuazima. Akakimbia nje, akaipiga ndoo teke.

"Unamuua! Mama, ulijua?"

"Punguza sauti, kuna mgeni."

"Ulijua!"

"Mtoto utazaa mwingine," Khadijo alinong'ona. "Maji kama haya nitayatoa wapi?"

Mulki aliondoka bila ndoo zake.

Sheikh aliletwa jioni ile ile. Alisoma mpaka sauti ikakauka, na pipa likajibu, taratibu: "Sikuvunja mlango. Nilibebwa."

"Aliyembeba amrudishe kwa mkono wake, aombe radhi," sheikh alisema. "La sivyo, mtoto hafiki Ijumaa. Nani alimbeba?"

Khadijo hakupepesa jicho. "Ni huyu," akamwonyesha Nasteha.

Abdillahi alimtazama mkewe. Nasteha alimtazama mtoto. Kubishana kungekula muda.

"Ni mimi. Nipeni mtungi."

Pipa zima likaingia kwenye mtungi mmoja. Kesho yake, adhuhuri, Nasteha alisimama peke yake kwenye mwamba, amemwacha Abdillahi kwenye lori, na maporomoko yakatulia ghafla, maji yakaning'inia hewani yasianguke, ndege wakanyamaza, na ndani ya pazia lile la maji kikageuka kitu kirefu chenye uso usio na macho.

"Wewe siye," kilisema.

"Najua."

"Umekuja kwa adabu. Mtoto namwacha. Mwaga, niende zangu."

Nasteha alishika kifuniko. Ilikuwa imebaki kukifungua tu. Akakikaza.

"Usiende," alisema. "Rudi nami nyumbani. Nitakuonyesha aliyekubeba."

Siku hizi Kowsar ana mashavu, anakimbizana na mbuzi. Pipa limejaa. Geti la ua liko wazi tangu asubuhi, na wanawake wa mtaa mzima wamepanga mitungi yao ya njano mpaka barabarani, wakimwombea Nasteha dua kwa ukarimu wake.

"Tekeni, dada zangu. Tekeni, msione haya."

Kwenye chumba cha nyuma kuna kitu kimelala kitandani, chepesi, kimekunjamana kama ngozi ya mbuzi iliyosahaulika juani. Bado kinaweza kuongea.

"Maji," Khadijo anasema. "Nasteha, mwanangu. Tone moja."

"Naam, mama."

Nasteha anachukua kikombe, anatoka uani, anakichovya kwenye pipa mpaka kijae, na kutoka chumbani anasikia kikohozi. Anamrudia, anamwinua kichwa vizuri, kama mkwe mwema.

"Kunywa, mama. Ukimaliza nakuletea kingine."