Mgongo wa Kavita

Asikudanganye mtu kwamba majini ni ya pwani peke yake. Hapa Nakuru lipo lililoingia kwenye printa, na lilianza na karatasi moja tu iliyotoka vibaya.

Nimesh alichapa vijitabu vya mazishi, na toka Rhonda hadi Milimani hakuna aliyemfikia. Januari ile ya 2008, ya ghasia za uchaguzi, duka lake likaungua, na albamu zote za nyumbani zimo ndani. Siku mbili baadaye pumu ikambana mkewe Kavita, barabara zimefungwa, akafia kiti cha nyuma cha gari. Kilichobaki ni printa iliyookolewa motoni, na picha moja ya Kavita kwenye flashi. Siku ya kumi na tatu, kwa desturi yao Wahindi, picha ya marehemu huvishwa shada la maua. Nimesh aliapa ataichapa kwa mkono wake.

Shida ni draiva, ile programu inayoifunza kompyuta lugha ya printa. CD yake iliungua na duka. Akaenda kwa Mburu, fundi mwenye kompyuta tatu: moja ya XP, moja ya Linux, moja ya Vista mpya.

"Boss, hii printa imezeeka," Mburu akasema. "XP itaikubali. Hizo zingine, tuombe Mungu."

Ilikubali. Karatasi ikatoka. Kavita alikuwa amewapa mgongo.

Wakatazama skrini. Huko nako alikuwa amegeuka.

"Ni draiva mbaya," Mburu akanong'ona.

"Draiva gani hugeuza mtu?"

Kesho yake wakajaribu Linux. Mburu akaandika amri asubuhi nzima, kufika saa saba printa ikaanza kuvuta pumzi kwa mluzi, kama kifua chenye pumu, na harufu ya mafuta ya nywele ya Kavita ikajaa chumbani ingawa dirisha lilikuwa wazi, na karatasi ikatoka na sikio, ukingo wa shavu, ncha ya pua, na Nimesh akaikumbatia akilia kwamba anakuja, anageuka, bado kidogo tu, weka Vista, Mburu, weka Vista!

Mburu alitoka mbio, akarudi na mama aitwaye Wangu, mpunga majini wa Rhonda. Mama hakuigusa printa.

"Baba, mke wako alivaa kipini puani upande gani?"

Nimesh akagusa pua yake kulia, kisha kushoto.

"Na macho yake?"

"Nimekaa naye miaka kumi na sita," akasema polepole. "Mathe, miaka kumi na sita."

"Hilo jini halina uso. Linajishonea wa mkeo, kipande kwa kipande, na kitambaa linakitoa kichwani mwako. Ukiweka ya tatu, litamaliza na litasimama. Futa picha."

"Ni hii moja tu, mathe. Hakuna nyingine duniani."

"Najua, baba."

Nimesh akaichomoa flashi, akaichomeka tena. Kisha akafuta. Printa ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

Siku ya kumi na tatu shada lilivishwa fremu tupu.

Siku hizi printa ile inakubali kompyuta yoyote, bila draiva, na Nimesh amerudi kazini. Mtajie maiti yeyote aliyemchapia kijitabu, Ndung'u mwenye mwanya, bibi Leela mwenye kovu kidevuni, atakueleza sura zao kana kwamba wamesimama mlangoni. Kavita usimuulize. Anamkumbuka vizuri sana: kisogo, nywele zilizosukwa, bega, mgongo unaokwenda.