Saizi ya Ukoo

Jirani zangu, sogeeni mnisikilize. Na nyinyi akina baba msiinuke. Najua mkisikia neno sidiria mnaanza kuangalia dari, lakini mabega yanayouma ni ya wake zenu, na wanaotumwa dukani kuleta dawa ya kuchua ni nyinyi.

Nyumba ninayotaka kuwasimulia imepakana na yangu, ukuta kwa ukuta. Ilikuwa nyumba ya amani. Kila asubuhi ungesikia cherehani ya mama mwenye nyumba ikikimbia, redio ya mumewe, fundi saa, ikikoroma, na binti yao akifanya mazoezi ya sauti bafuni. Binti alikuwa ameajiriwa kwa majaribio stendi kuu ya mabasi, kazi ya kuwatangazia abiria kwenye vipaza sauti. Sauti yake ingemtoa nyoka pangoni. Mtaa mzima tulishaanza kujisifu naye kama tumemzaa sisi.

Shida ya nyumba ile ilikuwa moja tu, na ilivaliwa ndani ya nguo.

Mama yule, ambaye mtaani tunamwita Mama Saizi, hakuwa mtu wa kununua sidiria dukani. Alishona mwenyewe, na kushona anajua, simnyimi haki yake. Alichokataa ni kupima. Alikuwa na kipande cha boksi gumu alichokitoa kwa mama yake mzazi alipoolewa, kimekatwa umbo la kikombe cha sidiria, na pembeni kimeandikwa thelathini na nne. Kwa boksi hilo alijishonea yeye, akawashonea wadogo zake, akamshonea na binti yake tangu alipovunja ungo. Mnene, mwembamba, anayenyonyesha, wote thelathini na nne. Futi yake ya kupimia alikuwa amefungia pazia.

"Mama, inanibana," binti alikuwa akilalamika.

"Sidiria isiyobana ni shati."

"Lakini wenzangu wanapimwa."

"Wenzako hawana ukoo? Bibi yako thelathini na nne, mimi thelathini na nne, na wewe umetoka tumboni kwangu. Unataka kuwa saizi ya jirani?"

Jirani ndiye mimi, na nilisikia kupitia ukutani. Fundi saa alijaribu kusaidia. "Mke wangu, hata saa za kiwanda kimoja, mkanda hukatwa kwa mkono wa mvaaji."

"Wewe baki na mishale yako," akajibiwa, akabaki nayo.

Basi binti akaenda kazini amefungwa kama mzigo wa safari. Mikanda ya mabegani ilimchimba mpaka ikaacha mifereji. Mkanda wa chini ulimkaba mbavu mbele, na nyuma ulipanda kuelekea shingoni. Akiwa amesimama aliweza kuvumilia. Akikaa kwenye kile kiti cha watangazaji, pumzi ilimfikia kooni ikageuza njia.

Siku moja akatangaza, "Abiria mnaokwenda kaskazini, pandeni basi la bluu..." Hapo pumzi ikakata. Alipoipata tena akamalizia, "...lililoko nyuma. Hili la bluu la mbele linakwenda kusini."

Tangu lini abiria akasubiri nukta? Walishajaa kwenye la mbele, wamegombania dirisha, na dereva ameondoa gari. Nasikia mzee mmoja aliyekuwa akienda kumposea mwanawe aliteremka kusini na suti yake, akabisha hodi kwenye nyumba isiyo na binti hata mmoja, akakaribishwa vizuri tu.

Msimamizi wa stendi, mwanaume mrefu asiyevua filimbi shingoni, akamwita binti ofisini.

"Una pumu?"

"Sina, bosi."

"Basi una nini? Maana hii si mara ya kwanza."

Angesema nini, jamani? Ofisi imejaa madereva, na mbele yake ni mkubwa wake wa kazi. Akasema ana mafua.

"Mafua gani yanakata sentensi katikati? Ijumaa mkurugenzi anakuja kusikiliza kabla hajakupa ajira. Pumzi ikikata mbele yake, mimi sitakuwa na la kukutetea."

Binti akarudi nyumbani, akamweleza mama yake yote. Mama akamtazama kwa huruma ya kweli, maana anampenda mno binti yake, kisha akatoa dawa ya kienyeji ya kichwa chake mwenyewe. "Umelegea. Kifua kikilegea, pumzi inatoroka. Nitakushonea iliyo imara." Lastiki ya kawaida akaiona haifai. Akachukua ule mpira wa kufungia mizigo nyuma ya baiskeli, akauchana kati, akauweka mkanda wa chini, na kulabu akazishonea uzi wa viatu.

Ijumaa mkurugenzi akaja, akajisogeza karibu na meza ya binti. Binti akakaa, akawasha kipaza sauti, akavuta pumzi ya kuanzia.

Kulabu zikaachia zote kwa pamoja. Mlio kama wa tairi kupasuka ulipita kwenye kipaza sauti ukatokea kwenye spika zote za stendi. Madereva wakaruka chini, kila mmoja akaanza kupiga mateke matairi yake. Makanika akaingia uvunguni mwa basi ambalo halikuwa na kosa lolote. Msimamizi akapuliza filimbi bila kujua anamsimamisha nani. Mkurugenzi alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza.

Binti akakunja mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi. Hakuwa na la kupoteza tena, akaanza kutangaza. Ndugu zangu, alitangaza. Kaskazini, kusini, mabasi ya njiani, yaliyochelewa na sababu za kuchelewa, vyote vikatoka kwa sauti moja iliyotulia, bila kukatika. Watu waliokuwa wakikimbia wakapunguza mwendo ili wasikie.

"Nani huyo anayetangaza?" mkurugenzi akauliza kutoka chini ya meza.

"Ni yule yule," akajibu msimamizi.

"Basi mwambie nimempa wiki moja zaidi. Ninaitaka hii sauti ya baada ya mlio. Ile ya kabla akae nayo mwenyewe."

Binti akarudi nyumbani amejifunika sweta ya mwenzake kwenye jua kali, akaketi sakafuni, akalia. "Mama, leo nimepumua. Kumbe watu huwa wanapumua hivi."

"Sasa unataka kwenda kazini kifua wazi?"

"Nataka kazi, mama. Nikirudi na hii ya kwako, wiki ijayo sina kazi."

Mama akanuna, akarudi kwenye cherehani yake, akaanza kukata nyingine kwa boksi lile lile. Ubishi ni ugonjwa, mwenye nao hajioni. Ndipo fundi saa akafanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu nalo. Akatoka uani, akampigia simu mama mkwe wake.

"Mama, shikamoo. Kuna... kuna jambo la mavazi hapa nyumbani."

"Marahaba. Mavazi gani?"

"Ya juu, mama. Lakini ya ndani."

"Sidiria?"

"Ndilo hilo hilo, mama. Tafadhali njoo." Akakata simu, akajipepea kwa kofia.

Bibi akaja siku ya pili, mama mtu mzima mwenye mwili wake na vicheko vyake. Fundi saa akatolewa nje, mimi nikaitwa kushika kioo. Mama Saizi akaleta boksi kwa heshima zote, akaliweka mapajani mwa mama yake. Bibi akaligeuza, akalitazama, akaanza kucheka mpaka akalazimika kushika ukuta.

"Hiki kitu bado unacho?"

"Si ndiyo saizi yetu, mama?"

"Yetu mimi na nani? Hiki nilikikata nikiwa mwari, mwembamba kama ufagio. Nilipokuzaa wewe nikakitupa nyuma ya kabati. Sijashonea nacho tena maishani mwangu."

Mama Saizi akakaa chini. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Nilikuona unakitia kwenye mizigo yako ya arusi, nikadhani unachukua kumbukumbu. Kumbe umechukua sheria."

Bibi akaifungua futi kwenye pazia, akamwita mjukuu. Akapitisha futi chini kabisa ya matiti, ikazunguka mgongoni bila kupanda wala kushuka, akamwambia atoe pumzi taratibu. Hicho kikawa kipimo cha mkanda. Kisha akapima pale palipojaa zaidi, bila kukaza. "Tofauti ya hivi viwili ndiyo inayokwambia kikombe kiwe na kina gani," akasema. "Mkanda wa chini ndio unaobeba mzigo. Hii ya mabegani ni vibarua tu. Ukiona bega limechimbika, jua kibarua anafanya kazi ya tajiri."

Binti hakuwa thelathini na nne. Hakuwa hata jirani yake.

"Sasa wewe," Bibi akamgeukia mwanawe. "Vua blauzi."

"Mama, mimi najijua. Mtu mzima huyu."

"Hayo yote yalianza kuota mbele ya macho yangu. Vua."

Akavua. Mabegani mwake palikuwa na mitaro miwili myeusi, ya zamani, kidole kingelala humo kikaenea. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akibadilisha mito kila mara akisema mito ya siku hizi inaumiza shingo. Bibi akaweka viganja vyake juu ya mitaro ile, akaacha kucheka.

"Mwanangu, umevumilia hivi miaka yote?"

"Nilidhani ndivyo inavyokuwa," akasema, machozi yakamtoka. Nami yalinitoka, sioni haya kusema.

Mama Saizi alipojifuta uso, akaketi kwenye cherehani. Alianza na ya binti. Hakukimbilia kitambaa kipya. Alikata kwanza ya majaribio kwenye shuka kuukuu, akampachika pini, akamwambia ainue mikono, ainame, akae kwenye kiti, atangaze. Palipovuta akafumua, palipopwaya akapunguza. Lastiki akatafuta laini, ya kuweza kupitisha vidole viwili chini yake, na kulabu akazipanga ili ikiwa mpya ifungwe kwenye safu ya nje kabisa, na ikilegea kwa kufuliwa, isogezwe ndani. Boksi la thelathini na nne likawekwa chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza, na kwa mara ya kwanza likaenea mahali.

Wiki ilipokwisha tulikwenda stendi, mimi na Mama Saizi, tukasimama karibu na dirisha la tiketi. Mkurugenzi alikuwa ameshafika, safari hii amesimama mbali na meza. Spika zikalia kidogo, kisha sauti ya binti ikaja. Akataja basi la kwanza, la pili, akaendelea, na Mama Saizi pembeni yangu alikuwa amebana pumzi yake mwenyewe kana kwamba anamwekea akiba. Binti akafika mwisho wa orodha bila kukatika hata neno moja, akawatakia abiria safari njema. Mkurugenzi akamwambia msimamizi, nasi tukasikia, "Huyu aanze rasmi kesho."

Binti alipotoka, mama yake hakumpigia vigelegele. Alimshika mikono yote miwili. "Nisamehe, mwanangu. Uliniambia inakubana, mimi nikabishana na mwili wako."

"Yamepita, mama."

"Hayajapita. Wadogo zangu wote bado wameivaa." Akanivuta mkono tukatafuta basi, maana mdogo wake wa kwanza anakaa upande wa pili wa mji, na futi ilikuwa kwenye mkoba.

FUNZO

Kipimo hakirithiwi. Mama anaweza kukupa sura, mwendo na hata ubishi wake, lakini mwili ni wako, na unabadilika kwa uzazi, kwa umri, kwa kunenepa na kukonda. Anayepima leo apime tena mwakani. Mficha uchi hazai, na anayeona haya kusema nguo inamkaba atapoteza pumzi, usingizi, pengine na kazi. Nawe mzazi, mtoto akikwambia anaumia, usimjibu kwa historia ya ukoo. Chukua futi kwanza. Na kama futi yako imefungia pazia, ifungue leo, pazia litafute kamba.